Chuchu za maji kwa vifaranga: zinafaa, ila usiziunge na tangi la juu

Assalaam alaykum watazamaji. Leo tunaiangalia seti ya kunyweshea kuku ya bomba na chuchu, yaani vidude vinavyotoa tone la maji kuku akividonoa. Hapa mezani ipo ndoo ya lita 20 yenye kifuniko, bomba la plastiki la mita 2 na robo, chuchu 10 zilizopangwa sentimita 20 baina ya moja na nyengine, koki moja na kipande cha mpira mweupe unaoonesha maji. Chuchu moja inatosha vifaranga 10, kwa hiyo seti hii ni ya vifaranga 100.

Suali linalokuja sana ni hili: kifaranga wa siku moja ataijuaje chuchu? Ataijua, tena upesi, kwa sababu kifaranga hudonoa chochote kinachong'aa, na tone la maji linang'aa. Wakishindwa, mara nyingi tatizo ni presha ya maji au kimo cha bomba.

Nasogeza chuchu karibu na kamera. Tazameni kipini hiki cha chuma: nakisukuma kushoto, kulia, mbele, na kila upande tone linatoka. Hii ndiyo ya vifaranga. Ipo aina nyengine inayofanana nayo sana, lakini hutoa maji ukikisukuma kipini kwenda juu tu. Hiyo ni ya kuku wakubwa. Jaribuni kwa ncha ya kidole dukani kabla ya kulipa. Na vile vikombe vyekundu vyenye ulimi wa manjano si vibaya kwa kuku wanaotaga, ila kifaranga wa wiki ya kwanza hana nguvu ya kuusukuma ule ulimi, na kikombe hujaa pumba inayotandikwa chini bandani.

Sasa presha, na hapa naomba msikilize vizuri. Wengi huliunga bomba moja kwa moja na tangi lililo juu ya paa. Maji ya tangi hukibana kipini, kifaranga anadonoa wala hakisogei. Kikisogea, maji yanamrukia usoni naye anakimbia. Tumieni ndoo, na wiki ya kwanza uso wa maji uwe sentimita 10 tu juu ya bomba. Ifungeni kwa kamba ili muipandishe kidogo kidogo kila wiki hadi sentimita 30 au 40. Kama mna tangi, lijaze ndoo kupitia boya, ile koki inayojifunga yenyewe ndoo ikijaa, basi.

Bomba lilale sawa kabisa, lipimeni kwa pima maji. Likiinama, chuchu za chini zitavuja na za juu zitabaki na hewa. Ule mpira mweupe unakaa mwisho wa bomba, ncha yake ikiwa juu kuliko maji ya ndoo, ili hewa ipate pa kutokea. Seti nyengine huuzwa bila mpira huo. Ununueni wenyewe, kwa sababu hewa ikikwama, chuchu za mwisho hukauka na hamtajua mpaka muone vifaranga wamezubaa.

Kimo cha chuchu: siku ya kwanza iwe usawa wa jicho la kifaranga. Kuanzia siku ya tatu ipandisheni, awe anatazama juu anapokunywa. Wiki ya pili na kuendelea, anywe shingo ikiwa imenyooka, nyayo zote mbili zimekanyaga chini. Kuku hawezi kufyonza maji, yanamshukia kooni kwa uzito wake. Chuchu ikiwa chini mno atapinda shingo na maji yatamwagika pembeni. Akisimama kwa vidole, imezidi kwenda juu.

Kufunza sasa. Kabla vifaranga hawajafika, jazeni bomba, toeni hewa, kisha gusa kila chuchu ibaki na tone linaloning'inia. Taa iangaze bomba. Vifaranga waliovuka bahari kutoka Dar es Salaam wakishuka bandari ya Malindi hapa Unguja wana kiu kuliko njaa, basi maji yatangulie chakula. Washikeni wachache, kama 10 katika 100, mguse kipini kwa mdomo wa kila mmoja mpaka ameze. Waliobaki huwaiga. Piteni tena baada ya saa moja mkigonga vipini kwa kidole.

Siku mbili za mwanzo wekeni pia vinywesheo viwili vidogo vya kawaida, na changarawe ndani wasizame. Siku ya tatu asubuhi, wakati wa ubaridi, viondoeni. Msiviache wiki nzima: penye maji ya wazi hawaangaiki na chuchu.

Mtajuaje wamekunywa? Shikeni gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo. Likiwa laini, amekula na amekunywa. Likiwa gumu na punje zinasikika, amekula hakunywa. Huyo mpelekeni kwenye chuchu kwa mkono. Pigeni pia mistari ya lita kwenye ndoo. Kwa kila kilo ya chakula kuku hunywa takriban lita 2, na kaskazi zaidi. Maji yakipungua kuliko jana, kagueni chuchu kabla ya kununua dawa.

Kuku wa kienyeji wa wiki 6 waliozoea beseni ni wagumu zaidi. Wekeni kisahani chini ya kila chuchu, tone lidondokee humo. Kila siku ondoeni visahani viwili vitatu. Beseni liondolewe asubuhi kwa saa mbili tatu, lirudi kama hawajanywa. Kuwanyima maji mchana wa jua ni kuwaua.

Kuhusu maji yetu ya Unguja na Pemba: visima vya maweni, kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, kama Makunduchi, Nungwi, Micheweni, vina chokaa nyingi. Chokaa hujenga kwenye kipini, chuchu ikavuja au ikakwama. Kundi likitoka, fungueni chuchu mziloweke usiku kucha kwenye siki nyeupe, kisha msuuze. Wekeni chujio mdomoni mwa koki, punje moja ya mchanga inatosha kuvujisha chuchu. Visima vya karibu na pwani vionjeni kwanza: maji ya chumvi huwafanya kuku wanywe sana na wahare. Ukishatoa vitamini au glukosi, suuza bomba siku ileile, utamu hufanya utelezi ndani. Na ndoo ikae kivulini chini ya makuti. Kuku huyakataa maji ya moto.

Kila jioni chukueni konzi ya pumba chini ya bomba muikamate. Ikishikana donge, kuna uvujaji, na pumba mbichi ndipo kuhara damu kunapoanzia. Itoeni hiyo, wekeni kavu, mtafute chuchu inayovuja.

Kwa vifaranga 100 naipendekeza seti hii kuliko vinywesheo vya wazi, maji hubaki safi na pumba kavu. Nunueni na chuchu mbili za akiba. Walio na vifaranga chini ya 20, ndoo ya lita 5 yenye chuchu mbili kwenye kitako inatosha, ining'inizeni tu.