Muvi za Hitchcock: chukua orijino, zilizotafsiriwa achana nazo

Jumamosi nimeenda kwa jamaa anayetuwekea muvi kwenye flashi, nikamwambia leo sitaki mabunduki, niwekee za zamani za yule mwongozaji Alfred Hitchcock. Kaniwekea nne: Notorious (1946), Rear Window (1954), Vertigo (1958) na Psycho (1960). Buku mbili zote, bei haina neno.

Shida Psycho, kumbe ni iliyotafsiriwa, DJ anaongea mwanzo mwisho. Sasa hii muvi utamu wake upo kwenye ukimya bana! Kuna dada mgeni wa moteli anauawa bafuni, akishauawa Norman mwenye moteli anaingia, anadeki damu taratibu, anamviringisha kwenye pazia, anampakia kwenye buti, gari analisukumia kwenye kinamasi, hakuna anayeongea, halafu gari likifika nusu linagoma kuzama na wewe uliyekuwa unamlilia marehemu unajikuta unaomba lizame tu. Hapo hapo DJ anadakia "oyaa ngoma imebuma", stimu zote zikakata. Nikarudisha, kanipa orijino, hakuleta longolongo.

Kwangu namba moja ni Notorious. Kuna pati huko Rio, kamera inaanza juu kabisa inaonyesha wageni wote, inashuka, inashuka mpaka kwenye kiganja cha mwigizaji Ingrid Bergman, humo ni mke anayempeleleza mumewe, kaficha ufunguo wa stoo ya mvinyo alioiba kwa mumewe. Wewe unajua, mume hajui, na shampeni inapungua kwenye barafu, ikiisha lazima ifuatwe nyingine stoo, na hapo mume atagundua ufunguo haupo. Na nani anaonekana anapiga glasi fasta na kusepa? Hitchcock mwenyewe! Hupenda kujipitisha sekunde chache kwenye muvi zake, ila hapa anazidi kuzimaliza chupa, mzee ana roho mbaya. Kilichofichwa stoo ni madini ya urani lakini wala hutayajali, kisingizio tu cha kukupandisha presha.

Ukizicheki mfululizo utaona anavyorudia vitu: ngazi (mtu akipanda ngazi jiandae), dada wa nywele za dhahabu, mama anayemtawala mtoto wa kiume aliyeshakuwa jitu zima. Waifu alivyomwona yule mama mkwe wa Notorious akaniangalia, nikajifanya natafuta rimoti.

Vertigo inachelewa kuchanganya, nilisinzia kidogo, usianzie hapo. Anza na Rear Window, James Stewart kavunjika mguu yupo dirishani kwenye kiti cha magurudumu, anamwona demu wake, Grace Kelly, kaingia kwa jirani wanayemshuku kaua mkewe, jirani huyoo anarudi, na yeye zaidi ya kushika simu hana la kufanya, hata kuinuka hawezi. Niliyeinuka ni mimi.