Kipoza hewa cha maji katika nyumba ya mabati Kisumu

Mwishoni mwa Januari, mama mkwe wangu alipokuja kukaa nasi mtaani Migosi, Kisumu, ili awe karibu na kliniki yake, nilikwenda mjini, katika Barabara ya Oginga Odinga, kutafuta kifaa cha kupunguza joto la chumba chake. Nyumba yetu imeezekwa kwa mabati, na wakati huo haikuwa na dari. Yeye amezeekea Kericho, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako watu hulala na blanketi mwaka mzima. Huku kwetu kando ya ziwa ni takriban mita 1,130, na siku zake tatu za kwanza alizipitisha akiwa amekaa barazani na kitambaa kilicholowa shingoni, miguu ikiwa imevimba.

Kiyoyozi cha kweli kilinizidi uwezo. Muuzaji alinionyesha kipoza hewa cha maji cha shilingi 14,500, akanieleza kwa uhakika mkubwa: "Mama, hiki ni kiyoyozi tu, ila hakina bomba la kutoka nje. Funga madirisha, weka barafu kwenye tangi, usiku mtajifunika." Nimekitumia kwa miezi mitatu sasa. Kifaa chenyewe ni kizuri. Yale maelezo ndiyo yaliyotupa shida, na ninaandika kwa sababu nimeyasikia yakirudiwa kwa wanunuzi wengine katika zaidi ya duka moja.

Kifaa hiki kina kimo cha kiuno. Ndani yake mna tangi la lita 10, pampu ndogo, feni, na sega la karatasi ngumu lenye matundu kama ya nyuki. Pampu hulowesha sega, nayo feni huvuta hewa kulipitia. Maji yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto kutoka kwenye hewa ile, kwa hiyo inatoka ikiwa baridi zaidi na pia ikiwa na unyevu zaidi. Hakuna gesi wala kompresa (mashine ya kuikandamiza gesi) kama ya kiyoyozi. Ni kazi ileile ya mtungi wa udongo, ule ambao jirani zangu Wajaluo huuita dapi, unaopoza maji kwa kuyaacha yapenye ukutani mwake na kukauka polepole. Ila mtungi hukauka vizuri hewa inapokuwa kavu, na hapo ndipo penye jambo lote.

Nilinunua kipimajoto kidogo kinachoonyesha pia unyevu, nikakipachika ukutani. Siku moja ya Februari, saa nane mchana, chumba kilikuwa na nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 45. Hewa iliyotoka kwenye kifaa ilikuwa na nyuzi 26. Mtu aliyekaa hatua mbili mbele yake hupata nafuu ya kweli, kwa sababu upepo wenyewe pia hukausha jasho mwilini. Siku hiyo mama mkwe alilala mchana kwa mara ya kwanza tangu afike, na alipoamka akaniambia, "Mwanangu, leo nimepumzika."

Usiku tukafuata ushauri wa muuzaji, tukafunga dirisha. Saa nne chumba kilikuwa na nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 65. Saa saba joto lilikuwa lilelile, lakini unyevu ulikuwa umepanda hadi asilimia 86, na hewa iliyotoka kwenye kifaa ilikuwa baridi kuliko ya chumba kwa nyuzi moja tu. Mvuke haukuwa na pa kutokea, na hewa iliyokwisha kushiba maji haiwezi kukausha sega, sembuse jasho la mtu. Alfajiri nilipoingia kumwamsha, shuka lilikuwa na ubichi, leso iliyotundikwa msumarini imelowa, na juu ya chandarua kulikuwa na matone. Nilidhani mvua imepenya, ilhali nje palikuwa pakavu. Mabati yalikuwa yamepoa kwa baridi ya usiku, mvuke wetu wenyewe ukapoa chini yake, ukawa maji, ukamdondokea mzee kitandani. Niliumia sana siku hiyo.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni dirisha wazi, kinyume kabisa cha kiyoyozi. Kifaa kikae karibu na dirisha upepo unakoingilia, ili kivute hewa kavu ya nje, na upande wa pili pawe na tundu la kutolea ile iliyolowa. Mchana upepo wetu hutoka ziwani kuja nchi kavu, kwa hiyo tumekiweka kwenye dirisha linaloelekea ziwa. Wengi hapa hufunga madirisha kwa kuogopa mbu, na hofu hiyo ni ya haki katika eneo lenye malaria kama letu. Sisi tulimwita fundi akatia wavu wa chuma kwenye madirisha yote mawili, na gharama hiyo mnunuzi aihesabu pamoja na bei ya kifaa.

Kuhusu barafu sina mengi. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua joto la takriban kilojouli 2,400, ilhali kilo moja ya barafu ikiyeyuka huchukua 334 tu. Vile vifuko viwili vya barafu vinavyokuja na kifaa huleta ubaridi wa muda mfupi, kisha friji iliyovigandisha huwa imelitoa joto lake humohumo ndani ya nyumba.

Jambo lililonishangaza ni kwamba hata kipimajoto kiliposoma nyuzi 27 mchana, mama mkwe bado alishika utosi akisema kichwa kinaungua. Nilipanda juu ya kiti, nikanyosha kiganja kuelekea mabati bila kuyagusa, nikahisi joto kama la jiko la makaa. Mwili haupokei joto la hewa peke yake. Hupokea pia lile linalomiminwa na paa na kuta, na hakuna kipoza hewa kinacholizuia. Mwezi wa Machi tulipiga dari na kuacha matundu ya hewa kwenye ncha za paa, na nakiri kwamba dari hiyo imemfaa mgonjwa kuliko kifaa. Mwenye fedha za kimoja tu, na aanze na dari.

Kwa umeme hakina lawama. Kinakula wati 65, yaani robo ya yuniti hivi kwa saa nne, ambapo kiyoyozi kidogo cha wati 900 kingeweza kumaliza yuniti tatu na nusu kwa muda huohuo. Kinachokula ni maji: lita sita kwa alasiri moja, na mtaani kwetu kuna siku mfereji hautoi tone. Tangi lisipomwagwa, siku ya tatu hutoa harufu ya matope ambayo feni huisambaza nyumba nzima, kwa hiyo mimi huliosha kila baada ya siku mbili na kuliacha likauke.

Ningemshauri mtu wa Lodwar au Marigat akinunue bila kusita, kwa kuwa hewa ya huko ni kavu. Wa Nakuru hakihitaji; huko tatizo la Julai ni baridi. Kwa Kisumu, kinafaa kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na moja jioni, dirisha likiwa wazi. Baada ya hapo tunakizima na kuwasha feni ya kawaida, nayo inatosha hadi asubuhi.

Kabla ya kulipa, ulizia sega la akiba. La kwetu limeanza kuota ukungu pembeni, duka lililotuuzia halina, na nimeambiwa nisubiri wiki mbili litoke Nairobi.