Epson V600 mbele ya masanduku ya mzee wa studio

Mpigapicha wa zamani anapotaka kuirudia kazi yake ya miaka arobaini, au watoto wake wanapotaka kuiokoa kabla mchwa na ukungu havijaimaliza, jina la mashine linalotajwa mara nyingi ni Epson Perfection V600. Ni skana ya bapa yenye taa ya pili ndani ya mfuniko, kwa hiyo inasoma karatasi na pia negativu. Hukumu kwanza: kwa mkanda wa 120 (filamu pana ya kamera za studio) inafaa sana, kwa 35 mm (filamu nyembamba ya kamera ndogo za kawaida) inatosha kwa kumbukumbu na simu, na kwa negativu kubwa za inchi 4 kwa 5 au zaidi usiinunue.

Boksi lake linasema nukta 6400 kwa inchi. Usiziamini hizo. Wanaoipima kwa bamba la majaribio hupata undani halisi wa nukta 1500 na ushee, zilizobaki ni uzito wa faili tu. Ukipiga hesabu, fremu ya 35 mm yenye urefu wa milimita 36 inakupa kama pikseli 2,200 kwa 1,470, yaani megapikseli 3 hivi. Hiyo inachapika vizuri inchi 5 kwa 7, ukizidisha hapo nyuso za watu wa nyuma zinaanza kuyeyuka. Fremu ya 6×6, ile ya mraba ya mkanda wa 120, ambayo kwa rula ni milimita 56 kwa 56, inakupa karibu pikseli 3,400 kila upande, na picha ya inchi 11 kwa 11 inatoka safi. Hapo studio nyingi za kwetu zina bahati, maana kazi za miaka ya 1960 na 1970 zilipigwa kwa wingi na kamera za kuchungulia kwa juu kama Yashica Mat na Rolleiflex, fremu 12 kwa mkanda. Bibi harusi aliyepigwa mzima mzima kwa kamera hizo, jina la kanga ya shangazi aliyesimama pembeni yake linasomeka.

Weka nukta 2400 kwa inchi, inatosha. Fremu moja ya 6×6, nyeusi na nyeupe, biti 16 (kiwango cha juu cha ngazi za weusi na weupe), inakuwa kama MB 56. Ukipandisha hadi 6400 faili inafika karibu MB 400 na hakuna hata kope moja iliyoongezeka.

Dirisha la taa ya filamu lina upana wa inchi 2.7 na urefu wa inchi 9.5. Kishikizo cha 35 mm, yaani kile kibebeo cha plastiki cha kushikia filamu, kinabeba vipande viwili vya fremu sita sita, kwa hiyo mkanda wa picha 36 unaisha kwa mizunguko mitatu. Cha 120 kinabeba kipande kimoja, fremu tatu za 6×6. Negativu ya inchi 4 kwa 5 haienei. Mpigapicha maarufu wa studio Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alipiga kwa 13×18 sentimita, na hazina ya aina hiyo inataka skana yenye dirisha kubwa zaidi kama Epson V850 au kamera ya dijitali juu ya meza ya taa.

Kosa la siku ya kwanza ni la kuchekesha: mtu anasahau kuutoa mkeka mweupe ulio ndani ya mfuniko, picha inatoka nyeusi tii, mashine inarudishwa dukani. Kosa la pili ni upande wa filamu. Upande unaong'aa unakaa chini kwenye kioo, upande wenye dawa, ule uliofifia unaobeba picha, unatazama juu, na maandishi ya ukingoni unayaona kinyume. Halafu kuna ule mwanya mdogo kwenye ncha ya kishikizo, ambao mashine inautumia kujipima mwanga. Punje moja ya vumbi hapo inaleta mstari mnyoofu unaoteremka picha nzima, na wengi huusugua kioo saa nzima bila kuutazama mwanya huo.

Sifa inayouza mashine hii ni Digital ICE, inayofuta vumbi na mikwaruzo kwa mwanga wa infraredi. Kwa negativu za rangi ni kweli inafuta, ingawa muda wa fremu moja unaongezeka mara kadhaa. Lakini kwa filamu ya kawaida nyeusi na nyeupe ni hasara. Picha hiyo imejengwa kwa chembe za fedha, na fedha inazuia infraredi kama vumbi linavyoizuia, kwa hiyo programu inaiona picha yenyewe kuwa uchafu na kuanza kuipaka. Kingo za masikio na ndevu zinavurugika. Kodachrome, filamu ya slaidi za rangi ya Kodak, nayo inaisumbua. Maana yake ni kwamba sehemu yenye thamani kubwa ya masanduku ya mzee, ile ya kabla ya filamu ya rangi kuenea, haipati msaada wowote wa ICE. Izime, usafishe kwa mkono.

Na kusafisha ndiko kazi iliko. Glavu za pamba, pampu ya mkono ya kupuliza, brashi laini, kwa mpangilio huo. Usipulize kwa mdomo, mate yanaacha doa ambalo halitoki. Alama za vidole zitolewe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99 kwenye kitambaa laini, upande unaong'aa, ukijaribu kwanza kwenye fremu tupu. Spirit ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji ndani yake, na maji ni adui hasa pale penye ukungu. Ukungu unaila jeletini inayobeba picha na kuifanya iyeyuke majini. Negativu ya Tanga au Lamu iliyokaa miaka kwenye kabati la ukutani, ukiiosha kwa maji kwa nia njema, uso wa mtu unaweza kuteleza ukaondoka na kidole.

Tahadhari moja zaidi ambayo vijana hawaijui. Mafundi wa studio walirekebisha nyuso kwa penseli moja kwa moja juu ya negativu: chunusi, mikunjo, kivuli chini ya macho. Iinamishe negativu kwenye mwanga wa pembeni utaona mng'ao wa risasi ya penseli upande wa dawa. Hapo usipitishe kitambaa wala kemikali, puliza tu. Ukiifuta umeifuta kazi ya fundi, na bibi harusi atarudiwa na chunusi zake za 1968.

Filamu inayonuka siki itengwe siku hiyohiyo. Ni kitako chake cha asetati, yaani plastiki inayobeba dawa, kinachooza, na mvuke wake unaziharakisha jirani zake. Kopo la chuma lililofungwa kabisa, ambalo wazee wengi waliliona ndiyo salama, linauzungushia mvuke huo humohumo. Ziskani hizo kwanza kabla hazijajikunja.

Filamu iliyojipinda ndiyo udhaifu mkubwa wa vishikizo vya V600. Ni vya plastiki nyepesi, vina kimo kimoja kisichorekebishwa, na bawaba zake huvunjika ukizilazimisha. Filamu ikibonyea hadi kugusa kioo unapata pete za Newton, miduara kama ya mafuta juu ya maji. Ziweke negativu ndani ya bahasha safi chini ya vitabu vizito kwa wiki moja kabla ya kuanza. Zikigoma, kuna kioo kisicholeta pete hizo, kinauzwa kando, unakilaza juu ya filamu.

Kwenye programu ya Epson, ingia hali ya kitaalamu, uzime utazamaji wa vijipicha, uchore mpaka wa kila fremu kwa mkono. Ukiiachia ikate yenyewe, inakula kingo za 6×6 na kupotea kabisa kwenye picha za usiku. Ondoa tiki ya kunoa picha, huja imewashwa. Kisha tazama grafu ya mwanga: mashine hupenda kuzibana ncha zote mbili ili picha iwe kali, na kanzu nyeupe inageuka bamba la chaki lisilo na mkunjo hata mmoja. Sogeza alama ya weupe nje kidogo ya mwisho wa grafu. Picha itaonekana imepauka, lakini kanzu ipo yote, na ukali utaongeza baadaye. Hifadhi TIFF ya biti 16, faili isiyopoteza undani, na JPEG, faili nyepesi, iwe ya kutumia watu.

Muda: kupuliza, kupanga, kuskani na kuandika jina la faili, mkanda mmoja wa 120 unachukua kama nusu saa. Mikanda 300 ni saa 150, yaani saa mbili kila jioni kwa siku 75. Polepole hii isikukere, kwa sababu mashine inapovuta fremu ndipo mzee anapokumbuka. Mweke kiti mbele ya skrini, umwulize, "Mzee, hawa ni akina nani?" na uandike jibu ndani ya faili yenyewe, kwenye nafasi ya maelezo, si kwenye daftari litakalopotea. Bahasha za zamani usizitupe hata zikiwa zimeliwa na mende. Namba ya penseli juu yake, au ile iliyokwaruzwa kwa sindano ukingoni mwa negativu, ndiyo inayoiunganisha picha na kitabu cha risiti, na kitabu ndicho chenye tarehe na jina la mteja. Faili ziitwe kwa mpangilio uleule: sanduku, mkanda, fremu.

Kama masanduku yote ni ya 35 mm, pesa hiyo iende kwa skana ya filamu ya Plustek OpticFilm 8200i, inayosoma 35 mm peke yake lakini kwa undani wa karibu mara mbili. Mwenye kamera ya dijitali na lenzi ya makro, ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, atazishinda zote mbili kwa kasi, ila kubadili negativu ya rangi kuwa picha, pamoja na ile rangi yake ya chungwa, ni shughuli nyingine.

Anayenunua V600 iliyokwishatumika aombe vishikizo vyote viwili na adapta yake yenyewe ya umeme, achungulie bawaba za kishikizo cha 35 mm kama hazijapasuka, na amulike tochi kwenye kioo kwa mshazari. Utando kama pumzi kwenye upande wa ndani wa kioo ni tatizo linalojulikana kwa skana za aina hii, haufutiki bila kufungua mashine, na unazipaka picha zote ukungu mwepesi kuzunguka weupe. Ukiuona, shusha bei au uiache.