Nilivyopeleka picha za ukoo kwa fundi Tanga: kanga ya bibi na ile "kusafishwa"

Mwezi uliopita nilipeleka picha 43 za nyumbani kwa fundi mmoja wa Ngamiani azipige nakala za kidijitali. Jina lake nalihifadhi, maana nina sifa zake na nina lawama, na lawama moja bado inaniuma.

Yote yalianzia makumbusho ya Urithi, pale Boma la zamani. Kutazama zile picha za mji enzi za Mjerumani kulinikumbusha fremu ya ukutani kwa shangazi, Chumbageni: wanawake watatu barazani, wawili wameketi, mmoja kasimama. Ukoo mzima tumekua tukiambiwa ni picha ya wakati wa vita vya Tanga, yaani Novemba 1914, na aliyesimama ni mama yake bibi.

Fremu hiyo ndiyo iliyompa fundi kazi. Unyevu wa pwani ulishalainisha jelatini ya picha, ule utando wa juu unaobeba taswira, ikagandana na kioo. Niliogopa ataibandua. Wala. Alifungua kadibodi ya nyuma tu, picha na kioo chake akaviacha vivyo hivyo. Akafunga kamera kwenye stendi ikitazama chini, taa mbili akaziweka huku na huku kwa mshazari, kisha akatandaza kitambaa cheusi chenye tundu la lenzi ili kamera isijione kwenye kioo. Hapo nilimpa heko zake.

Mgongoni mwa picha palikuwa na neno VELOX, karatasi ya Kodak. Kingo zilizokuwa zimejificha ndani ya fremu zilikuwa za meno meno, mtindo uliovuma miaka ya 1940 na 1950. Alipoikuza kwenye kompyuta, pindo la kanga ya yule aliyesimama likatoa maneno: WACHE WA... yaliyobaki yamemezwa na mkunjo. Herufi za Kirumi! Kanga za mwanzo mwanzo ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. 1914 yetu ikafia hapo. Nikampelekea shangazi kwenye simu, akaitazama weee, mwisho akasema, "Mbona hii ndiyo mbeleko ya mdogo wangu!" Kumbe aliyesimama ni bibi mwenyewe.

Sasa lawama. Siku ya kuchukua kazi nikapewa flashi, picha "imesafishwa". Aliipitisha kwenye programu ya akili mnemba: nyuso laini kama sahani ya plastiki, kanga imepakwa nyekundu, maneno yake yamegeuka vimistari visivyosomeka, na zile kingo za meno zimekatwa. Kila kilichotusaidia kuitambua picha kimeondoka. Nikamuuliza nani kamwambia kanga ilikuwa nyekundu.

"Ndivyo inavyopendeza, dada."

Faili la awali alishalifuta apate nafasi. Ilibidi fremu irudi chini ya kamera, na kwa hilo alinitoza nusu ya bei. Nililipa, lakini kwa mdomo uliovimba. Ukienda kwa fundi yeyote, mwambie mapema: kwanza nakala ghafi, mbele na nyuma, kingo zote zionekane, faili la TIFF, aina isiyopunguza ubora wa picha. Urembo baadaye, kwenye nakala nyingine.

Na lamineshani! Picha mbili za babu akiwa stesheni ya reli kazipiga lamineshani bila kuniuliza, akidhani ananipa zawadi. Plastiki ile hubandikwa kwa moto, ukijaribu kuibandua unaondoka na picha.

Kwa haki yake, albamu yenye kurasa za gundi aliishughulikia vizuri mno. Alipitisha uzi wa kusafishia meno chini ya kila picha, taratibu kama anayekata mkate wa kumimina, na hakuna hata moja iliyochanika. Picha za kawaida alinitoza 2,000 kwa moja, si ghali. Nyota tatu kati ya tano. Bila lamineshani ningempa nne.

Picha halisi sasa zimo kwenye bahasha za karatasi, majina nimeyaandika nyuma kwa penseli laini, na sanduku nimelitoa kwenye ukuta unaopigwa na mvua. Fremu nayo nimeiweka kabatini, kioo na yote. Ukutani kwa shangazi pakabaki pengo, nikamchapishia ile nakala ghafi. Hakuitaka. Amechagua ile ya rangi. Kanga ilikuwa ya buluu, anasema, lakini mama kapendeza.