Reli za Unitrack za Kato: zinavyovumilia hewa ya Tanga

Watu wakiona treni yangu ndogo ya mfano inazunguka, swali la kwanza ni bei ya kichwa cha treni. Reli hakuna anayeiuliza. Mimi nasema hivi: ukiwa na pesa ya kununua kitu kimoja tu kizuri katika mchezo huu, nunua reli. Kichwa cha bei poa juu ya reli nzuri kitatembea, ila kichwa cha fahari juu ya reli mbovu kitaishia kabatini. Kwa hiyo leo vichwa tuviache pembeni. Nazungumzia Unitrack, reli za kampuni ya Kato ya Japani, saizi ya N, yenye milimita 9 kati ya reli na reli.

Mimi ni fundi redio hapa Ngamiani. Nyuma ya karakana nina rafu ndefu ya plaiwudi, na juu ya rafu hiyo nimeijenga stesheni ya Muheza, au tuseme naijenga, maana haijaisha. Reli aliniletea mpwa wangu anayefanya kazi Nagoya, ndani ya begi la nguo. Tangu hapo nimezifungua na kuziunga tena kila wateja wanapozidi na televisheni zao kukosa pa kukaa, na bado zinabana kama siku ya kwanza.

Kwa asiyezijua: kila kipande kinakuja na tuta lake la plastiki ngumu, kokoto zimechorwa humo humo, mataruma ya kahawia, na reli zimeshikiliwa juu. Kipande cha kawaida kilichonyooka kina urefu wa milimita 248. Mwishoni pana kiungio cha plastiki chenye chuma ndani. Unasukuma kipande kwa kipande, unasikia "tak", kazi imekwisha. Hicho kiungio kimoja kinashika tuta na kupitisha umeme kwa pamoja. Reli za aina nyingine, zile ndefu za kupinda kwa mkono, ni nzuri kwa macho, lakini zinataka ulaze utepe wa mti wa kizibo chini, upige misumari midogo, umwage kokoto, unyunyize gundi, usubiri. Na ukishagandisha umegandisha.

Hapo ndipo pwani inapoingia. Plaiwudi yangu masika inavimba, kaskazi ikivuma inakauka. Reli iliyogundishwa moja kwa moja juu ya mbao inalazimika kuifuata mbao, ikishindwa inajikunja. Unitrack mimi siigundishi. Imekaa tu juu ya mbao, imeshikwa na skrubu ndogo sehemu chache, na kila kiungio kinaachia nafasi kidogo mno ya kupumua. Mbao ivimbe ivimbavyo, treni haijui.

Chumvi ni habari nyingine. Reli hizi ni za aloi ya shaba, nikeli na zinki. Hazishiki kutu jekundu kama chuma, lakini hewa ya bahari inaziwekea utando mwembamba wa kijivu, na utando huo ukikutana na vumbi la barabarani, magurudumu yanaanza kukatakata umeme, taa ya kichwa inapepesa. Dawa ni spiriti safi ya kusafishia vifaa vya umeme, ile isiyo na maji mengi, na kitambaa cha pamba cha fulana kuukuu. Msasa usiuguse! Unakwangua mifereji midogo ambayo siku ya pili imejaa uchafu zaidi. Na kama nyumba yako ina mijusi, na nyumba gani Tanga haina, angalia reli kabla ya kuwasha, kwa sababu kinyesi cha mjusi kikikauka kinazuia umeme kama kipande cha plastiki. Faida ya Unitrack hapa ni kwamba unaweza kukinyofoa kipande kilichochafuka, ukakipeleka mezani kwenye taa, ukakirudisha.

Sasa tuseme kwa nini isinipendeze moja kwa moja. Reli yenyewe ni ndefu mno kwenda juu. Kimo chake ni kama milimita 2, na wanaojua vipimo wataiita kodi 80, yaani sehemu 80 za inchi iliyogawanywa mara elfu. Mimi natengeneza kwa uwiano wa 1:110, yaani kitu halisi ni kikubwa mara 110 kuliko changu, sababu nitaieleza, na kwa uwiano huo reli ya milimita 2 inakuwa reli ya sentimita 22. Hata reli nzito ya kilo 60 kwa mita, ambayo ni ya njia kubwa za kisasa, ina kimo cha milimita 172. Njia ya zamani ya Tanga haikukaribia huko. Nimepunguza aibu hiyo kwa kupaka ubavu wa reli rangi ya kutu iliyochanganywa na nyeusi kidogo, nikaacha mgongo wa juu ung'ae. Ukisimama hatua mbili nyuma, jicho linadanganyika. Mataruma nayo nimeyapaka kijivu chenye kutu, kwa kuwa njia yetu ilijengwa kwa mataruma ya chuma, na mchwa wa huku wanajulikana.

Uwiano wa 1:110 hauuzwi dukani, nimeuchagua mwenyewe. Reli ya Tanga ina upana wa mita moja kati ya reli na reli. Ukigawa milimita 1000 kwa 110 unapata 9.09, na reli ya Kato ni 9. Afadhali gani zaidi ya hiyo? Treni za Kato za Kijapani zinatengenezwa kwa 1:150, na za Ulaya na Marekani kwa 1:160, kwa hiyo ukiziweka zilivyo utapata treni nzuri, ila si ya kwetu: kwa 1:150 hizo milimita 9 ni sawa na mita 1.35, wakati reli halisi ya zamani ya Japani ni mita 1.067. Mimi nachukua chasisi yenye mota, navua bodi, navisha bodi yangu ya plastiki bapa niliyoikata kwa kisu. Watu wadogo wa dukani nao hawapotei. Mtu mzima wa 1:150 ana milimita 11 na ushee. Kwangu anakuwa na mita moja na sentimita ishirini na kitu. Nimewavalisha sare, wote ni wanafunzi wa shule ya msingi wanavuka njia.

Na kuna jambo lililonifurahisha ambalo sikulitegemea. Ukilaza njia mbili za Unitrack sambamba, umbali wa katikati hadi katikati ni milimita 33. Wanaotengeneza 1:160 hulalamika kwamba ni pana kupita kiasi, maana kwao ni zaidi ya mita 5. Kwetu wa 1:110 ni mita 3.63, karibu na njia za stesheni halisi kuliko wanavyopata wao. Kwenye kona tu ndiyo uwe mwangalifu. Behewa la upana wa mita 2.75 linakuwa milimita 25, zinabaki 8 za kupishana, na behewa refu kwenye kona hutoa makalio nje. Mimi kona zangu ni za nusu kipenyo cha milimita 315 kwa njia ya nje na 282 ya ndani. Ipo hata ya 249. Waachie wenye vichwa vifupi.

Pointi, yaani kipande kinachohamisha treni kutoka njia moja kwenda nyingine. Zipo mbili zinazojulikana zaidi, namba 4 na namba 6. Namba 4 ina urefu wa milimita 126 na mkunjo wa nusu kipenyo 481; namba 6 ina milimita 186 na mkunjo wa 718. Nafasi ikikubana utaitamani namba 4, lakini nisikilize: nunua namba 6. Mabehewa yanaingia njia ya kupishania bila kutikisika, na kwa macho inafanana na pointi ya kweli. Halafu ina akili ya umeme. Inapeleka umeme upande ilikofunguliwa tu. Kwa hiyo treni ya mizigo ikisimama njia ya pili, nageuza pointi, ile inakufa pale pale, ya abiria inapita, wala sijaongeza waya hata mmoja.

Ndani ya tuta la pointi mna koili yenye waya mbili. Umeme ukipita kwa kufumba na kufumbua, ulimi unahama. Ukibadili chanya na hasi, unarudi. Ila umeme usikae. Ukikaa sekunde kadhaa koili inapata moto na kuungua, na koili imo ndani ya plastiki iliyofungwa. Kato wana swichi yao inayopiga pigo moja tu na kuacha, nayo ni nzuri. Mimi nimetumia kapasita ya mikrofaradi 2200 iliyotoka kwenye saplai ya televisheni iliyokufa: inajaa taratibu, inamwaga kwa mara moja, na hata mtoto akikandamiza kitufe mpaka kesho koili iko salama.

Kidhibiti cha mwendo ndicho ninachowaonya nacho. Vile vinavyouzwa Japani vimetengenezwa kwa umeme wao wa volti 100. Soma maandishi ya nyuma kabla hujachomeka kwenye volti zetu 230, la sivyo utaniletea mimi. Lakini hata huhitaji kukinunua. Treni za saizi hii zinataka volti 12 za umeme wa moja kwa moja (DC), basi. Adapta ya kamera za ulinzi ya volti 12, kibao kidogo cha saketi cha kupunguza mwendo wa mota, na swichi ya miguu sita ya kubadili mbele na nyuma. Vyote vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki. Kwangu kuna swichi nyingine ya kuhamishia kwenye betri ya sola, kwa hiyo umeme ukikatika Muheza haikosi treni. Weka fyuzi. Kichwa kikitoka njiani kinaunganisha reli mbili, na betri haina huruma.

Stesheni imefikia wapi? Njia kuu, njia ya kupishania na njia fupi ya mizigo zimekamilika. Rafu yangu ya mita mbili na nusu ni sawa na mita 275 za kweli. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 ikafika Muheza 1896, kilomita 40 hivi. Kwa uwiano wangu ningehitaji mita 360 na ushee, na mtaa mzima uhame. Majani ni nyuzi za mkonge zilizokatwa milimita nne na kuchovywa rangi. Nimefurahia kutumia mkonge, maana nao uliletwa huku mwaka ule ule wa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche 62 tu ndiyo iliyonusurika safarini. Minazi ina vigogo vya waya uliozungushiwa nyuzi za makumbi. Udongo ni udongo wenyewe wa Muheza, mwekundu, nimeuchekecha kwa soksi ya kike ya nailoni.

Kazi iliyonitoa jasho ni machungwa. Muheza bila matenga ya machungwa kando ya njia siyo Muheza. Nilianza kufikiria ulezi, lakini punje ya ulezi kwa 1:110 ni boga. Chenga za unga wa sembe zilizopakwa rangi ndizo zilizokaa sawa, moja moja kwa kibanio cha kubebea vipuri. Chungwa la Muheza likiiva kwenye mti huwa bado kijani, hivyo nimechanganya kijani nyingi na manjano kidogo. Msiniambie nimekosea rangi.

Mwenzetu wa mchezo huu kule Mombasa anatengeneza stesheni ya Voi, na kijana mmoja wa Nairobi anatengeneza kwa katoni kichwa cha mvuke cha daraja la 59, kile kilichobeba jina la mlima Shengena, namba 5930, ambacho chenyewe kinapatikana hapo hapo Nairobi kwenye makumbusho ya reli. Picha zake za magurudumu zinatia wivu. Tumekubaliana tufuate kipimo cha T-TRAK, mfumo wa visanduku vya mezani uliotokea Marekani na unaotumia Unitrack hizi hizi: kisanduku kina upana wa milimita 308, juu yake unalaza kipande cha 248 na cha 62, jumla 310. Reli inachungulia milimita moja kila upande. Kwa hiyo visanduku vikikutana zinazogusana ni reli, mbao hazigusani, na mbao ya Tanga iliyovimba itaunga na ya Nairobi iliyokauka bila ugomvi. Muheza yangu naikatakata sasa iwe visanduku vinane ili isafiri kwa basi.

Bei siitaji, yen na shilingi hazitulii. Ila ukipata mtu wa kukuletea, mwambie hivi: asilete seti ya M1 yenye kidhibiti ndani, anunue vipande kimoja kimoja, kona za 315, vya 248 vya kutosha, vya 62 vichache, waya wa kuingizia umeme ule wa bluu na nyeupe. Uzito utakaobaki kwenye begi ajazie pointi za namba 6, kulia na kushoto, mbili mbili.