Swiveli ya jua kali kwa sarakasi za angani: ya gunia la ndondi sawa, ya mtu hapana

Vikundi vya sarakasi Kisumu vikianza mchezo wa pete ya juu, kitu cha kwanza kutafutwa kwa bei nafuu ni swiveli, kile kiungo kinachozunguka ili kamba isijisokote. Ile ya jua kali ni bolti ya milimita 12, nati mbili, washa na bamba la kuchomelea. Ikipakwa grisi, gunia la ndondi linazunguka bila shida.

Mtu ni mzigo mwingine. Chuma ni kinene vya kutosha. Udhaifu uko shingoni, bolti inapoingia kwenye bamba. Kila mzunguko unaipinda kidogo, ufa unaanzia kwenye meno ya bolti chini ya nati, na huwezi kuuona. Joto la kuchomelea nalo huacha chuma cha kando kikiwa kikavu, rahisi kukatika. Nati pia hulegea mzunguko ukienda upande wa kuifungua. Fundi mwenyewe, ukimwuliza vizuri, atakwambia hajawahi kuipima.

Lillian Leitzel, nyota wa sarakasi za Ringling za Marekani aliyepanda pia majukwaa ya maonyesho ya Ziegfeld New York, alikuwa akijipindua kwa mkono mmoja mara kwa mara bila kushuka. Hesabu inayotajwa sana ni 249. Tarehe 13 Februari 1931, akiwa Copenhagen, swiveli yake ya shaba ilikatika. Alifariki siku mbili baadaye. Hiyo ilikuwa ya nyota wa dunia, si ya kubahatisha.

Kwa mtu, nunua ya kiwandani yenye beringi iliyofungwa na nguvu iliyochongwa kwenye mwili wake, si kwenye stika: kilonyutoni (kN) 22 au zaidi, yaani kama kilo 2,200. Mwenye kilo 60 akishuka kwa kishindo anaweza kuvuta mara tano ya uzito wake, kilo 300. Ukitaka akiba ya mara tano juu yake, unahitaji kilo 1,500. Ishike kwa karabina, ile pete ya chuma ya kuunganishia, yenye kufuli.

Kabla ya mazoezi izungushe mikononi: ikikwaruza, vumbi limeingia. Ivute na kuisukuma, ikicheza, iondoe. Kamba ya akiba isiipite kando, itajisokota na kuizuia. Na ikishaanguka kwenye saruji kutoka darini, hata isipoonyesha alama, mpe mwenye gunia.