Riale ya Maria Theresa ya prufu kutoka Vienna: inafaa kununuliwa, ila si kwa bei ya sarafu ya kale

Ni sarafu chache zinazogombanisha wakusanyaji kama hii. Imeandikwa 1780, mwaka aliofariki Maria Theresa, mtawala wa Austria, na mwaka huohuo ndio unaoandikwa hata kwenye ile iliyotoka kiwandani juzi. Watu wa Pwani waliiita riale, na wakia ya mizani yao ilikuwa ndio uzito wake. Mbali na Günzburg (mji ulio Ujerumani ya leo) na Vienna, imegongwa Roma, London, Birmingham, Bombay, Paris na Brussels. Kwa hiyo anayeuliza "ni ya asili?" lazima kwanza aseme asili ya wapi, na ya lini.

Toleo la prufu linalouzwa na kiwanda cha sarafu cha Austria ni kazi safi sana. Prufu si daraja la uzuri wa sarafu. Ni namna ya kuitengeneza. Kisahani cha fedha husuguliwa kwanza, mihuri ya chuma nayo husuguliwa, kisha hugongwa zaidi ya mara moja kwa nguvu kubwa. Matokeo yake uwanja, yaani sehemu tupu isiyo na picha, unang'aa kama kioo, sura na shela ya mjane vinabaki na weupe wa ukungu, na lulu za bruchi zinahesabika moja moja.

Kasoro yake kubwa ni kwamba haina alama yoyote ya mwaka iliogongwa. Hapo ndipo wauzaji wanapopenyeza "prufu adimu ya 1780". Usiikubali hoja hiyo. Herufi S.F. chini ya kifua, zinazotolewa kama ushahidi, zilikuwa za wasimamizi wa kiwanda cha Günzburg, Schöbl na Faby, lakini zimenakiliwa kwenye matoleo mengi ya baadaye, hata ya leo. Uwanja wa kioo pamoja na sura ya ukungu ni kazi ya mitambo ya kisasa.

Mgogoro wa pili ni riale ya kawaida iliyosuguliwa ikauzwa kama prufu. Igeuzegeuze chini ya taa moja, ukitumia lenzi ya sonara ya mara 10. Sarafu iliyosuguliwa ina mikwaruzo myembamba inayopita uwanjani na kupanda hadi shavuni na kwenye nywele. Kingo za herufi zake zimelegea. Za prufu zimesimama wima. Ya kusubu huonyesha vitundu vidogo, na pembeni mara nyingine kuna mstari wa kalibu uliopigwa tupa. Tazama ubavu kwa makini: maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yawe yameinuka, na mapambo kati yake yawe makali. Waghushi wengi huchoka wakifika hapo.

Uzito uwe gramu 28.07, fedha sehemu 833 kwa 1,000, yaani gramu 23.39 za fedha tupu. Lakini uzito peke yake hautoshi, kwa kuwa sarafu ya bandia inaweza kuongezwa unene. Weka glasi ya maji yaliyokenekwa juu ya mizani ya kusoma gramu 0.01, rudisha sifuri, kisha tundika sarafu kwa uzi mwembamba izame bila kugusa glasi. Mizani isome karibu 2.75. Ikisoma 3.1 au zaidi, hiyo ni shaba na nikeli, au shaba na zinki. Viputo vya hewa vikishikilia sarafu, namba hupanda na riale halali huonekana bandia, basi itikise taratibu upime tena. Ukimaliza, igusishe kitambaa laini tu, usiifute. Iliyomo bado kwenye kifuko chake cha kiwandani usiitoe kwa kipimo hiki. Alama moja ya kidole uwanjani hushusha thamani kuliko shaka yenyewe. Sumaku nayo inasaidia nusu tu: fedha haivutwi, lakini hata shaba haivutwi.

Kwa ufupi wa bei: anza na thamani ya gramu 23.39 za fedha siku hiyo, ongeza kiasi cha haki kwa ufundi na kasha, uishie hapo. Ikiletwa ndani ya plastiki ya NGC au PCGS, kampuni zinazokagua sarafu na kuzipa madaraja, ingiza namba ya cheti kwenye tovuti yao kabla ya kulipa na ulinganishe na sarafu iliyo mkononi, maana plastiki hizo nazo zinaghushiwa.